Gundi Huweka, Uzi Hushika: Hotuba Kuhusu Viraka vya Kubandika kwa Pasi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa mafundi wa ushonaji, wazazi na viongozi wa vikundi vya vijana. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria; picha zilizooneshwa ukumbini zimeachwa.

Mwenyekiti wetu, walimu wa ushonaji, wazazi, viongozi wa vikundi vya vijana, na nyote mlioacha shughuli zenu ili mfike hapa, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya kiraka cha kubandika kwa pasi, na nimekubali kwa furaha, kwa sababu naamini kwamba kitu hiki kidogo kimekuwa kikihukumiwa isivyo haki. Ni nani kati yetu asiye na nguo yenye nembo iliyoanza kunyanyuka pembeni? Ni nani hajamsikia mtu akisema kwamba viraka hivi ni vya kudanganyia macho, kwamba hukaa siku mbili kisha vikabanduka? Tunailaumu gundi, tunakilaumu kiwanda, tunailaumu pasi. Mimi nasema kwamba kiraka cha pasi ni kitu cha kuaminika kikitimiziwa mambo mawili: kwanza, gundi yake iyeyuke ipasavyo na kuingia ndani ya kitambaa kinachoikubali, pili, ukingo wake upitishiwe uzi, ili uzi ubebe mzigo ambao gundi haikutengenezwa kuubeba. Gundi huweka, uzi hushika. Mtanisikia nikilirudia jambo hili, nami nawaomba mnivumilie.

Tuanze na gundi yenyewe. Geuzeni kiraka chochote cha namna hii na mtaona mgongoni mwake utando mwembamba unaong'aa kidogo, mkavu, usionata mkononi. Utando huo ni plastiki ya jamii inayolainika kwa joto na kuganda ikipoa, na yaweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja. Gundi nyingi za aina hii huyeyuka mahali fulani baina ya nyuzijoto 80 na 140 za Selsiasi, kwa kutegemea mchanganyiko uliotumika. Sasa, kuyeyuka peke yake hakutoshi. Fikirini tone la nta ya mshumaa linaloangukia shati: likiwa limeshaanza kupoa, hukaa juu juu na ukucha hulibandua, likiwa la moto, huzama kati ya nyuzi, na kulitoa huwa kazi kubwa. Gundi ya kiraka ni vivyo hivyo. Tunachokitafuta ni izame, izikumbatie nyuzi za kitambaa, kisha igandie humo humo. Kwa hiyo tunahitaji joto la kuiyeyusha, mgandamizo wa kuisukuma, muda wa kuiacha ipenye, na utulivu wa kuiacha ipoe.

Je, ni nini kinachoizuia isizame? Niwaeleze habari ya kikundi kimoja cha vijana kilichokuwa na sherehe. Mashati yalikuwa mapya, yakafuliwa jioni, yakasuuzwa kwa dawa ya kulainisha nguo ili yanukie vizuri, na kabla hayajakauka sawasawa nembo zikabandikwa usiku huo huo, kwa pasi ya mvuke. Asubuhi kila nembo ilionekana imekaa. Kufikia mchana, jasho na mikanda ya mabegi vilikuwa vimekwisha kuzibandua nembo kadhaa, na viongozi walikuwa wakizikusanya na kuzitia mfukoni.

Watu walisema gundi ni mbovu. Lakini hebu tuangalie kilichotokea. Maji yakiwa ndani ya kitambaa, joto la pasi hutumika kwanza kuyageuza kuwa mvuke, na maadamu maji hayo hayajaisha, kitambaa hakipandi sana juu ya nyuzijoto 100. Pasi inaunguza, mkono unahisi moto, na huku gundi iliyo chini ya kiraka inalainika nusu tu. Dawa ya kulainisha nayo huacha juu ya nyuzi utando wa mafuta mafuta, na huo ndio unaofanya nguo iwe laini. Gundi ikiukuta utando huo, huushika utando badala ya kuushika uzi. Juu ya hayo, nguo mpya mara nyingi hutoka kiwandani na wanga au dawa za kuipa umbo, na nguo ya pamba isiyofuliwa bado itajikunja inapofuliwa mara ya kwanza, ilhali kiraka hakijikunji, na matokeo yake ni makunyanzi kuzunguka nembo yote.

Kwa hiyo nguo ifuliwe kwanza kwa sabuni peke yake, bila dawa ya kulainisha. Ikauke kabisa. Na dakika chache kabla ya kubandika, pale mahali pa kiraka papigwe pasi kavu, isiyo na mvuke, ili makunyanzi yatoke na unyevu uliojificha uondoke pia. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na watu wengi, nami ningependa itiliwe mkazo kuliko zote za maandalizi, kwa sababu haigharimu chochote na faida yake huonekana kwa miezi mingi.

Ndugu zangu, jambo la pili ni kitambaa. Si kila kitambaa kinaikubali pasi, na si kila kitambaa kinachoikubali pasi kinaikubali gundi. Swali la kwanza lisiwe «kiraka hiki kinapendeza wapi?» Liwe «nguo hii imetengenezwa kwa nini, na itakutana na nini?»

Watu wa safari za anga za Marekani walijibu swali hilo kwa gharama kubwa. Desturi ya kila safari ya wanaanga wa NASA kuwa na nembo yake ilianza na Gemini 5, mwezi Agosti mwaka 1965, na nembo hiyo ilikuwa ya kitambaa kilichodariziwa. Tarehe 27 Januari 1967 moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo 1 wakati wa majaribio ardhini, katika hewa ya oksijeni tupu, na wanaanga watatu wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo kila kitu kilichoweza kushika moto kiliangaliwa upya, hata nembo za mavazi. Nembo zilizovaliwa kwenye mavazi ya safari za Apollo zilizofuata zilichapwa juu ya kitambaa kiitwacho Beta, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa Teflon, kwa sababu kitambaa hicho hakiwaki. Darizi ingependeza zaidi, bila shaka. Lakini vazi ndilo lililoamua aina ya kiraka.

Sisi hatuendi mwezini, lakini vazi letu nalo lina haki ya kuamua. Pamba, dengrizi, turubai na mchanganyiko wa pamba na poliesta ni vitambaa vinavyostahimili moto wa kuyeyusha gundi, na nyuzi zake zina nafasi za kuipokea. Poliesta tupu inawezekana kwa tahadhari, kwa joto la chini na muda mrefu kidogo, kwa maana ikizidishiwa moto hung'aa vibaya na mng'ao huo hautoki tena. Nailoni nyembamba hujikunja na hata kutoboka. Hariri na asetati, kitambaa cha kiwandani kinachong'aa kama hariri, hazifai. Ngozi hukakamaa na kusinyaa. Mahameli hulala manyoya yake na hayasimami tena. Koti la mvua lina matatizo mawili kwa pamoja: dawa inayofukuza maji huifukuza pia gundi, na joto la pasi laweza kuharibu tabaka la ndani na utepe unaoziba mishono. Nguo ya kufuma inayovutika nayo ina tatizo lake: yenyewe hunyumbuka, kiraka hakinyumbuki, na kila inapovutwa ukingo wa gundi huachia kidogo. Kwa nguo zote hizi sindano ndiyo njia, tangu mwanzo hadi mwisho, na wala si aibu.

Mtajuaje? Someni lebo. Alama ya pasi yenye nukta moja inaruhusu pasi ya moto mdogo, kwa kawaida isiyozidi nyuzijoto 110 hivi. Nukta mbili ni moto wa kati, kama nyuzijoto 150. Nukta tatu ni moto mkali, kama nyuzijoto 200. Na pasi iliyopigwa alama ya mkasi maana yake ni kwamba nguo haipigwi pasi kabisa. Kiraka kingi cha kubandika kinahitaji nukta mbili au tatu. Nguo ikiwa na nukta moja, usijadiliane nayo. Na pale lebo imefutika, jaribu pasi upande wa ndani wa pindo, mahali pasipoonekana, kabla ya kuigusa sehemu ya mbele.

Sasa tufike kwenye kubandika kwenyewe, na hapa naomba masikio yenu yote.

Kuna fundi mmoja ninayemheshimu ambaye aliletewa jaketi la dengrizi lenye nembo kubwa iliyobanduka. Hakulaumu mtu. Aliigeuza nembo, akamwonesha mteja mgongo wake: gundi ilikuwa imesambaa na kufifia karibu kila mahali, isipokuwa madoa madogo ya mviringo ambayo bado yaling'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Akaichukua pasi ya mteja, akaigeuza nayo, akayalinganisha madoa yale na matundu ya mvuke yaliyo kwenye bamba. Yalilingana. Mahali penye matundu hapana chuma. Pasipo na chuma hapana mgandamizo, na joto pia ni pungufu. Pasi ilikuwa imewekwa mara moja, ikaachwa pale pale, na matundu yakaacha alama zao.

Funzo lake ni hili: pasi ibonyezwe, inyanyuliwe, isogezwe kidogo, ibonyezwe tena, mpaka kila sehemu ya kiraka iwe imekutana na chuma. Isiburutwe. Pasi inayoburutwa hukisogeza kiraka huku gundi ikiwa laini, na nembo uliyoipanga katikati ya kifua huhamia upande wa kwapa.

Meza nayo ina sehemu yake. Meza ya kupigia pasi yenye sponji nene hudidimia na kuumeza mgandamizo wote mnaoutoa mikononi. Tafuteni meza ngumu ya mbao, mtandike shuka ya pamba iliyokunjwa mara mbili, na mbonyeze kwa uzito wa mwili. Juu ya kiraka wekeni kitambaa chembamba cha pamba, kikavu, au karatasi ya kuokea, ili nyuzi za darizi zisiungue na gundi itakayochuruzika isiipake pasi. Mvuke uzimwe na tangi la maji liwe tupu. Muda hutofautiana kwa maelekezo ya mtengenezaji, na maelekezo hayo yafuatwe kila yanapopatikana; yasipokuwepo, sekunde 15 hadi 20 kwa kila sehemu upande wa mbele ni mwanzo mzuri. Kisha geuzeni nguo ndani nje na mbonyeze kutoka mgongoni kwa sekunde 20 hadi 30. Kwa nini mgongoni? Kwa sababu darizi ni nene, na unene huo huchelewesha joto kufika kwenye gundi, lakini kutoka ndani ya nguo kuna kitambaa kimoja tu katikati. Kwa maoni yangu upande wa ndani ndio wenye kazi kubwa zaidi. Upande wa mbele hukishika tu kiraka kisihame.

Halafu subirini. Nasema tena, subirini. Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Mtu anatoa pasi, anaona moshi mdogo wa joto, na hapo hapo anaingiza ukucha chini ya pembe ili aone kama imeshika. Gundi bado ni laini. Ukucha unaifungua njia ambayo haitajifunga. Nguo ikae pale pale mezani, bila kuinuliwa, mpaka kiraka kiwe baridi kabisa mkononi. Ikipoa ndipo mjaribu pembe, na pembe itakayonyanyuka irudishiwe pasi mara moja, kwa kuwa gundi hii, kama nilivyosema, hukubali kuyeyushwa tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: pembe moja iliyoachwa leo huingiza maji na uchafu katika mfuo ujao, na gundi iliyokwisha kushika uchafu haishiki tena kitambaa.

Kama kiraka ni cha kuziba tundu na si cha pambo, kuna mambo mengine machache. Kateni nyuzi zinazoning'inia, sogezeni kingo za mchano zikaribiane, na hakikisheni kiraka kimelipita tundu kwa sentimita moja na nusu hivi kila upande, kwa maana kitambaa kinachozunguka tundu mara nyingi nacho kimekwisha kuchoka. Pembe kali zikateni ziwe mviringo. Pembe ndizo huanza kunyanyuka. Na ndani ya mguu wa suruali tieni karatasi ya kuokea kabla ya kuweka pasi, la sivyo gundi itapita tunduni na kuugandisha mguu mbele kwa nyuma.

Sasa nafika kwenye uzi, na najua hapa baadhi yenu hatutakubaliana, kwa sababu paketi nyingi zimeandikwa kwamba hakuna haja ya kushona. Mimi nasema haja ipo kwa nguo yoyote itakayofuliwa mara kwa mara. Mzazi mmoja alinionesha suruali ya mwanawe iliyotiwa viraka magoti yote mawili jioni moja, kwa pasi ile ile na kwa uangalifu ule ule. Goti la kulia alilizungushia uzi. La kushoto hakuwahi, usiku ulikuwa umekwisha. Baada ya msimu mmoja wa kupiga magoti, kukimbia na kufuliwa, kiraka cha kulia kilikuwa kimelala sawasawa, na cha kushoto kilikuwa kimejikunja ukingo mzima, kimeshikwa na duara dogo la gundi katikati. Ni kitambaa kilekile, ni gundi ileile, ni mtoto yuleyule. Je, kuna ushahidi gani zaidi?

Sababu yake si ya ajabu. Gundi ni hodari wa kustahimili mvuto unaosambaa katika eneo lote, lakini ni dhaifu mbele ya mvuto unaoanzia ukingoni na kukibandua kiraka kidogo kidogo. Uzi huuzuia ukingo usianze. Nayo gundi huusaidia uzi, kwa sababu kiraka kilichogandishwa hakitelezi wakati wa kushona, hakihitaji pini, hakifanyi vifuko katikati. Gundi huweka, uzi hushika.

Shoneni baada ya gundi kupoa. Chagueni uzi wa poliesta wenye rangi ya ukingo wa nembo, pitisheni sindano ndani tu ya ule ukingo mnene uliozungushiwa uzi, kwa mishono midogo ya milimita tatu hivi. Gundi hufanya kitambaa kiwe kigumu na huipaka sindano, kwa hiyo vaeni subana kidoleni na mfute sindano kila inapoanza kukwama. Kwa cherehani, sindano namba 90 au 100 inatosha, na mwendo uwe wa polepole.

Kuhusu utunzaji, nitasema kidogo, kwa kuwa mkishaelewa tabia ya gundi mengine mtayajua wenyewe. Nguo isifuliwe kabla ya saa 24 kupita. Igeuzwe ndani nje. Maji yawe ya baridi, au yasizidi nyuzijoto 30. Wanaofua kwa mkono wasisugue juu ya kiraka wala wasiikamue nguo mahali hapo; kusugua huchakaza darizi na kukamua huuvuta ukingo. Dawa za kung'arisha zenye klorini zisiiguse nembo. Kiraka chenye rangi nyekundu au nyeusi kifuliwe peke yake mara ya kwanza, kwa sababu rangi ya darizi yaweza kuvuja juu ya shati jeupe. Mashine ya kukaushia kwa hewa ya moto iepukwe kabisa: joto lake hukaribia kiwango kinacholainisha baadhi ya gundi, na huku nguo inagongwagongwa, yaani inapata joto na mvuto kwa pamoja. Ianikwe kivulini. Ikipigwa pasi, ipigwe kutoka ndani, na ncha ya pasi isiingie chini ya ukingo. Uzi wa darizi ukichomoka, ukatwe kwa mkasi karibu na kitambaa. Usivutwe, kwa maana uzi mmoja ukivutwa huja na wenzake.

Na siku kiraka kinapotakiwa kuondolewa? Kikundi kimebadilisha nembo, mtoto amehamia timu nyingine, au kiraka kiliwekwa upande. Njia ni ile ile, kinyumenyume. Fumueni uzi kwanza. Wekeni kitambaa juu, pashieni moto kwa sekunde 15 hivi, kisha shikeni pembe kwa kibano, si kwa vidole, kwa sababu gundi iliyoyeyuka huunguza na kung'ang'ania ngozi. Vuteni taratibu, na kila inapopoa mpashe tena. Asiye na subira huondoka na kiraka pamoja na kipande cha shati. Gundi iliyosalia itandikiwe kipande cha pamba kuukuu na kupigwa pasi, nayo itahamia humo. Mabaki ya mwisho hulainishwa kwa spiriti, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana kama rangi ya nguo haitoki. Asetoni isitumike kwenye asetati, kwa maana huiyeyusha nguo yenyewe. Kama nguo imepauka kwa jua kwa miaka mingi, umbo la nembo ya zamani litabaki pale likiwa na rangi ya awali, na hilo halifutiki. Hapo wekeni kiraka kipya chenye ukubwa uleule au zaidi.

Mwenyekiti, kwa ruhusa yako naomba nikomee hapo, kwa sababu pasi zile mbili pembeni zimekwisha kupata moto na ningependa watu watumie mikono yao. Waliokuja na nguo wasogee mezani, na kila mmoja aanze kwa kutusomea lebo yake kwa sauti.